Herufi Inayoshika Shairi

Sheeko sheeko!

Kila mtoto wa Liboi anajua kuitikia: sheeko xariir, hadithi ya hariri. Kule Lamu na Mombasa fanani huita paukwa na hadhira hujibu pakawa. Mwito huo una kazi. Unazima mazungumzo ya pembeni, unageuza nyuso zote upande mmoja, na unampa msimulizi ruhusa ya kusema mambo ambayo hayajapata kutokea. Mshairi mmoja wa Uingereza, aliyeishi miaka 1000 iliyopita au zaidi na ambaye jina lake limepotea, naye aliuanza utenzi wake kwa neno moja la mguto, ili watu waliokaa ukumbini watege masikio. Utenzi huo unaitwa Beowulf. Una mishororo 3182. Ndani yake kuna zimwi linalovamia ukumbi wa mfalme usiku na kula watu, kuna mama wa zimwi hilo anayeishi chini ya maji, na kuna joka linalolinda hazina.

Nanyi, watoto wa Liboi, mnalo zimwi lenu. Dhegdheer, mwanamke wa sikio refu, hula watu, ana mbio zisizoshindika, na husikia hatua za anayemtoroka hata akiwa mbali. Wasomali wamemsimulia vizazi kwa vizazi, na upo msemo mfupi unaotangaza kwamba Dhegdheer amekufa na nchi imepata amani. Usemeni huo msemo kwa Kisomali, polepole. Jina lake linaanza kwa sauti ya dh. Kufa kwake kunaanza kwa dh. Nchi iliyotulia, nayo inaanza kwa dh. Hakuna aliyewafundisha kanuni hiyo darasani, lakini mtu akiondoa neno moja na kuweka jingine lenye maana ileile, sikio lenu litamkatalia papo hapo.

Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba sauti hiyo inayojirudia ndiyo inayoshika ushairi wa mababu zenu, na ndiyo iliyoshika ushairi wa Waingereza wa kale. Watu hawa hawakukutana wala kufundishana. Kila upande uliifikia kanuni hii peke yake, na sababu yake mtaiona.

Liboi yenu mnaijua kuliko mimi. Ni mji mdogo wa mpakani, mashariki kabisa ya kaunti ya Garissa, karibu na ikweta. Ukivuka mpaka, mbele kidogo uko Dhobley, Somalia. Ukienda upande wa pili utapita Dadaab kabla ya kufika Garissa, penye mto Tana. Uingereza ninayoisimulia ilikuwa nchi ya baridi, ukungu na bahari kali, na watu wake waliishi kwa kulima, kuchunga ng'ombe na kupigana na majirani zao. Mtu angesema hakuna kinachofanana hapo. Lakini pande zote mbili shairi lilikuwa kitu cha mdomo na sikio kwa karne nyingi kabla halijawa kitu cha karatasi, na jambo hilo moja lilitosha.

Tuanze na gabay. Hili ndilo shairi zito la Wasomali, la vita na suluhu, la ngamia walioporwa, la kumlilia aliyekufa. Mshororo wake ni mrefu na umegawanyika vipande viwili, kama mshororo wa shairi la Kiswahili ulivyo na ukwapi na utao. Katika kila kipande lazima liwemo neno linaloanza kwa sauti aliyoichagua mshairi. Akichagua g, basi g hiyo itasikika katika kipande cha kwanza na cha pili, katika mshororo wa kwanza na wa mia. Hawezi kuchoka njiani akahamia b. Tena vineno vidogo vya kuunganishia havihesabiki. Sauti hiyo lazima ikae juu ya neno lenye uzito, la mtu, kitu, sifa au tendo. Kanuni hii huitwa higgaad kwa Kisomali. Kwa Kiswahili tuiite takriri ya sauti ya mwanzo.

Mshororo wa Kiingereza cha kale nao ulikuwa na vipande viwili, na katikati mwimbaji alitua. Kila kipande kilikuwa na maneno mawili ya kugongwa kwa nguvu. Kwa hiyo mshororo mzima ulikuwa na mapigo manne, na mara nyingi matatu ya kwanza yalianza kwa sauti moja, la nne likaachwa huru. Nitawatungia mfano kwa Kiswahili, kwa mtindo wa Mwingereza:

Ngamia wa nguvu kasimama, ngozi yake kavu;
bonde lina baridi, bado giza halijatoka.

Hesabuni: ngamia, nguvu, ngozi, kisha kavu. Mshororo wa pili: bonde, baridi, bado, kisha giza. Mnaona kwamba mshairi wa Uingereza aliruhusiwa kubadilisha sauti kila mshororo. Mshairi wa gabay hana ruhusa hiyo. Angeanza na ng na kuendelea na ng:

Ngamia wa nguvu kasimama, ngozi yake kavu;
ngoma imelia mbali, ngurumo ikaitikia.

Na bado mishororo tisini na minane inamngoja! Mimi nimejaribu, na naweza kuwaambia kwamba baada ya mshororo wa kumi maneno ya kawaida huisha, unaanza kutafuta maneno uliyoyasikia kwa bibi yako tu. Ndiyo maana washairi wakubwa wa Kisomali wanajua maneno ambayo vijana wa mjini hawayajui. Kanuni inawalazimisha kuyafuata yalikojificha: majina ya ngamia kwa umri wao, majina ya mawingu, ya mitishamba, ya vyombo vya maziwa. Shairi linakuwa ghala la lugha bila mtu kukusudia kujenga ghala.

Kuna jambo dogo hapa ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha. Katika ushairi wa Kisomali, neno likianza kwa irabu, linaweza kuitikiana na neno lolote linaloanza kwa irabu. A huitikia o, i huitikia u, zote ni familia moja. Katika Beowulf ni hivyohivyo kabisa. Mshairi wa Uingereza na mshairi wa nyika ya Kisomali walisikiliza vinywa vya watu wao wakaamua vilevile.

Mtaniuliza kwa nini mashairi ya Kiswahili hayafuati kanuni hii. Mimi nadhani ni kwa sababu Kiswahili hutoa takriri bure. Sema kikombe kikubwa kimevunjika: ki, ki, ki, na hujatunga chochote. Kitu ambacho kila mtu anacho mdomoni bila jasho hakimfanyi mtu kuwa malenga. Kwa hiyo mafundi wa pwani waliitafuta kazi ngumu mahali pengine. Walihesabu mizani na kupanga vina, tangu siku za Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, na hata kabla yake.

Mizani ya Kisomali nayo ina siri yake. Kwa muda mrefu wataalamu walisikia kwamba gabay ina mpigo lakini hawakuweza kueleza unahesabiwaje. Mwaka 1976 mshairi kijana, Mohamed Hashi Dhama, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Gaarriye, alichapisha maelezo yake gazetini huko Mogadishu. Alionyesha kwamba kinachohesabiwa ni urefu wa irabu: irabu fupi ni moja, irabu ndefu ni mbili. Lifikirieni hilo. Kwa karne nyingi wachungaji wasiojua kusoma walitunga bila kukosea hesabu ambayo maprofesa hawakuweza kuiandika. Hata maandishi rasmi ya Kisomali, haya ya herufi za Kilatini mnayoyaona kwenye mabango, yalikuwa yametangazwa mwaka 1972 tu.

Sasa njooni kwenye hadithi yenyewe ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 731 mtawa aitwaye Bede alimaliza kuandika, kwa Kilatini, historia ya kanisa la Waingereza. Humo aliweka habari za mchunga ng'ombe mmoja aliyeitwa Cædmon. Mtu huyu alikuwa wa monasteri ya Whitby, pwani ya kaskazini mwa Uingereza, na mkuu wa monasteri hiyo alikuwa mwanamke, Hild. Watu walipokaa karamuni, kinubi kilipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyekipokea alitakiwa kuimba. Cædmon alikuwa mtu mzima na hakuwa anajua hata wimbo mmoja. Kila alipoona kinubi kinamkaribia, aliinuka akatoka.

Usiku mmoja alitoka hivyo akaenda zizini, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kulinda ng'ombe. Akalala. Katika ndoto mtu akasimama mbele yake, akamwita kwa jina lake, akamtaka aimbe. Cædmon akasema hajui, na ndiyo sababu amekimbia karamu. Yule mtu hakuondoka. Akamwagiza aimbe juu ya mwanzo wa viumbe vyote. Basi Cædmon akafungua kinywa akamsifu Muumba kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasikia. Alipoamka aliyakumbuka yote, akayaongezea mengine.

Walimpeleka kwa Hild. Wasomi wakamjaribu: wakamsimulia kisa kutoka maandiko matakatifu, kesho yake akakirudisha kikiwa shairi. Hakujua kusoma. Bede anasema alikisikiliza kisa, akakitafuna tena na tena moyoni, kama mnyama anayecheua. Nani anaelewa picha hiyo kuliko mtoto aliyelala karibu na ngamia akawasikia wakicheua usiku kucha? Shairi lake la kwanza, lenye mishororo tisa tu, lipo hadi leo, nalo limeshikwa na sauti za mwanzo zilezile tulizozizungumzia.

Nimeirefusha hadithi ya Cædmon kwa sababu inatuonyesha shairi linavyoweza kuishi ndani ya mtu asiye na kalamu. Lakini hapo ndipo njia za Wasomali na Waingereza zinapoachana kidogo, nanyi lazima mwelewe wapi.

Katika miaka ya 1930 mtafiti Mmarekani Milman Parry alikwenda kuwasikiliza waimbaji wa Yugoslavia, na baadaye mwanafunzi wake Albert Lord akaendeleza kazi hiyo. Waliona kwamba mwimbaji wa tendi ndefu hakariri neno kwa neno. Ana akiba ya vifungu vilivyo tayari, na anavipanga upya kila anapoimba. Wataalamu wengine wakasema hata Beowulf ilijengwa hivyo, maana vifungu vyake hujirudia: mfalme hutajwa kama mgawa pete, shujaa kama mwana wa fulani. Wengi wakaanza kuamini kwamba ushairi wote wa mdomo duniani hutungwa papo hapo namna hiyo.

Wasomali wakawa shahidi wa upande wa pili. Mshairi wa gabay hutunga kwanza, peke yake, saa nyingi au siku nyingi. Kisha shairi lake hukaririwa na watu wenye kumbukumbu kali, nao wanatakiwa kulisema kama lilivyo. Kabla ya kuanza, mkariri humtaja aliyelitunga. Kubadilisha maneno ya mtu au kumnyang'anya jina lake ni aibu. Mwaka 1977 msomi Ruth Finnegan, katika kitabu chake juu ya ushairi wa mdomo, alitumia mfano huo wa Wasomali kuwakumbusha wenzake kwamba njia ya Yugoslavia haikuwa njia pekee.

Kwa hiyo angalieni tofauti. Aliyetunga Beowulf hatumjui. Utenzi wake ulibaki katika kitabu kimoja cha mkono tu, na mwaka 1731 moto uliwaka katika nyumba ya London kilikohifadhiwa, ukaunguza kingo za kurasa. Nusura Waingereza wapoteze hazina yao kwa usiku mmoja. Lakini Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, kiongozi wa Madaruweshi aliyepigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka ishirini na kufa karibu na mwisho wa mwaka 1920, alikuwa na mkariri wake, Hussein Dhiqle, aliyeyabeba mashairi yake kichwani. Nusu karne baadaye, mwaka 1974, Aw Jama Omar Issa aliyakusanya kutoka vinywani mwa wazee na kuyachapisha Mogadishu. Moto gani ungeweza kuunguza kitabu kilichokuwa ndani ya watu wengi kiasi hicho?

Na hapa Liboi mnajua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, maelfu ya watu walivuka mpaka kupitia hapa, na kabla ya watu kuhamishiwa Ifo, Dagahaley na Hagadera palikuwa na kambi papa hapa mjini kwenu. Waliacha nyumba, maduka na mifugo. Shairi halikaguliwi mpakani wala halipandi lori. Aliyekuwa nalo kifuani alifika nalo.

Tuendelee na mbinu nyingine, maana takriri ndiyo mfupa lakini nyama bado.

Waingereza wa kale walipenda kutotaja kitu kwa jina lake. Bahari waliita njia ya nyangumi. Mwili waliita nyumba ya mifupa. Ni sitiari iliyofinywa ikawa jina la maneno mawili, na ukiisikia unasimama kidogo, unafumbua, kisha unacheka kwa kuwa umefumbua. Kwa mtindo huo mimi ningeiita pikipiki ngamia wa petroli. Jaribuni na vitu vyenu: kisima, mnara wa simu, gudulia la maji, mwezi wa Ramadhani. Msifuate umbo la kitu peke yake. Tazameni kinafanya nini.

Ukilirefusha jina la namna hiyo linageuka kitendawili, na Waingereza walikuwa navyo. Katika kanisa kuu la Exeter kimehifadhiwa kitabu cha karne ya 10 chenye vitendawili zaidi ya tisini, vyote vya kishairi. Katika vingi, kitu chenyewe ndicho kinachosema. Upanga unajieleza, pembe ya kunywea inajieleza, kisha inakuuliza: mimi ni nani? Kimoja kinamtaja mdudu aliyekula maneno ya mtu mashuhuri na asipate hekima hata punje. Ni nondo, alikuwa anakula kitabu. Mtoto aliyezoea vitendawili vya usiku, vya Kisomali au vya Kiswahili, hahitaji mwalimu kumfungulia kitabu hicho.

Kitu kisicho na roho kikipewa sauti, walimu wenu huita tashihisi. Lipo shairi moja la Kiingereza cha kale ambamo mti wa msalaba wenyewe unasimulia, tangu ulipokatwa msituni. Kuna na mbinu jirani, ritifaa: kusema na mtu asiyekuwepo au aliyekufa kana kwamba anakusikia. Hapo simjui aliyemshinda Sayyid. Tarehe 9 Agosti 1913, afisa wa Kiingereza Richard Corfield aliuawa vitani mahali paitwapo Dul Madoba. Sayyid alitunga gabay akimwambia marehemu huyo moja kwa moja, akimtuma apeleke habari huko anakokwenda na kuwaeleza walio huko jinsi alivyouawa. Adui amekuwa mjumbe. Ni shairi kali, la hasira ya vita, na mkilisoma mkiwa wakubwa mtaona mambo ya kutisha ndani yake. Lakini angalieni ufundi: kwa kumfanya maiti asimulie, mshairi ameeleza pigano zima bila kusema mimi nilishinda hata mara moja.

Waingereza nao walijua kupunguza sauti. Wakitaka kusema mtu alikuwa na huzuni kubwa, wangesema hakuwa na sababu ya kucheka. Kiswahili kinafanya hivyo kila siku: ukipewa ngamia kumi ukasema si haba, umeshaingia katika mbinu hiyo.

Halafu kuna taharuki, ile hali ya kukufanya usahau usingizi. Utenzi wa Sir Gawain and the Green Knight uliandikwa mwishoni mwa karne ya 14, na mtunzi wake pia hajulikani. Siku ya mwaka mpya, katika ukumbi wa mfalme Arthur, anaingia mpanda farasi wa kijani: nguo kijani, ngozi kijani, farasi kijani. Anatoa changamoto. Mtu yeyote ampige shoka moja shingoni, kwa sharti kwamba baada ya mwaka na siku moja naye atapigwa shoka lake. Gawain anakubali, anampiga, kichwa kinabingirika. Yule mtu anakwenda, anakiokota kichwa chake, kichwa kinasema: tutaonana. Kisha anaondoka.

Hapo mshairi hana haraka tena. Anao mwaka mzima mkononi. Anatueleza majira yanavyopita, majani yanavyoota na kuanguka, karamu na mawindo, na sisi tunataka kupiga kelele kwamba siku zinaisha. Gawain anasafiri katika baridi kali, analala na silaha zake barafuni. Mandhari yenyewe inamtisha kwa niaba ya adui. Mnaoujua ukame wa jilaal mnajua msimulizi anavyofanya vilevile na jua: visima vinakauka kimoja baada ya kingine, hatua zinakuwa nzito, na hakuna aliyetaja kifo bado. Na Dhegdheer? Msimulizi mzuri hamleti mara moja. Kwanza anatuambia kuhusu sikio lake. Sasa kila kijiti kinachovunjika chini ya mguu wa msichana anayetoroka kinatupasua moyo, kwa sababu tunajua nani anasikia.

Utenzi wa Gawain una kitu kingine cha kutazama. Kila ubeti una mishororo mirefu iliyoshikwa kwa sauti za mwanzo, kisha mwishoni vinakuja vimishororo vifupi vyenye vina, kama mtu aliyekwenda mwendo mrefu akaruka mara tano. Vina hivyo vilitoka wapi? Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na ushairi wa Kifaransa ulikuwa wa vina. Polepole masikio ya Waingereza yakabadilika. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika kwa vina, na kufikia mwisho wa karne ya 16 takriri kama kanuni ya kushika shairi ilikuwa imeachwa Uingereza.

Wasomali hawakuiacha. Walikuwa Waislamu kwa karne nyingi, watoto wao wameandika aya za Kiarabu kwenye mbao za duksi, yaani chuo cha Kurani, tangu zamani, na masheikh wao wametunga kaswida za Kiarabu zenye vina safi. Walijua vina vizuri. Lakini gabay ilibaki na higgaad yake. Mimi nalihesabu jambo hilo kuwa mojawapo ya maamuzi makubwa katika historia ya lugha za Afrika Mashariki, ingawa hakuna mkutano uliokaa kuliamua. Waliamua kwa kuendelea kutunga.

Chaucer msimwache hivihivi. Mbinu yake kubwa ni hadithi ndani ya hadithi. Mahujaji wanakutana katika nyumba ya wageni karibu na London, wote wanakwenda Canterbury, na mwenyeji wao anapendekeza wasimuliane visa njiani. Anasimulia askari, anasimulia msaga unga, anasimulia mtawa wa kike. Kila kisa kinatuonyesha pia msimulizi wake: mlafi, mnafiki, mpole, mwenye wivu. Basi la kutoka Liboi kwenda Garissa lingetosha kabisa kwa kitabu kama hicho. Fikirieni nani angekaa viti vya mbele na angesimulia nini.

Wasichana, nanyi mna sehemu yenu, na sitaki mfikiri gabay ndiyo yote. Wanawake wa Kisomali wana buraanbur, yenye mpigo wake wa haraka zaidi, inayosikika harusini pamoja na makofi na ngoma, na inayotumika pia kufundisha, kulalamika na kuomboleza. Takriri imo mle mle. Ila wakariri wa kiume hawakuibeba kutoka kijiji hadi kijiji kama walivyobeba gabay, hivyo nyingi zimepotea pamoja na waliozitunga. Uingereza ilikuwa hivyo pia. Katika kitabu kilekile cha Exeter yamo mashairi mawili tu ambayo kwa wazi ni sauti ya mwanamke, moja likiwa la mke anayemlilia mume aliye mbali, na hakuna jina la mtunzi. Mwenye bibi anayejua buraanbur amrekodi kwa simu wiki hii, amuulize nani alitunga, na alitaje jina hilo mwanzoni mwa rekodi.

Kwa maana rekodi inafaa. Mwaka 1979 Gaarriye, yuleyule wa hesabu ya irabu, alitunga shairi dhidi ya ukabila na akachagua sauti ya d. Mwenzake Hadraawi, mmoja wa washairi wapendwa zaidi wa Kisomali hadi alipofariki mwaka 2022, akamjibu. Akajibu mwingine na mwingine, kila mmoja kwa d hiyohiyo, kanda za kaseti zikapita mkono kwa mkono miji kwa miji. Mnyororo mzima ukaitwa Deelley, kwa jina la herufi yake. Kushika sauti ya mwenzako ni namna ya kusema: nimekusikia, sasa nisikilize.

Basi na sisi tufanye hivyo. Kaeni duara. Sauti ni m, lakini m-, mi- na ma- za sarufi hazihesabiki. Nataka m ya shina, kama ya mama, mali, mamba, meza. Kila mtu mshororo mmoja, vipande viwili, m katika kila kipande. Kitu kimoja kiwe na jina la kufumba. Atakayekwama hatoki kwenda zizini, anakaa, anacheua, zamu itamrudia. Anayelishika vizuri shairi lote mwishoni atalisema tena mbele ya wote, na atamtaja kila aliyetoa mshororo. Nani anaanza?